Galaxy A05 au Tecno Pop 8: Hesabu ya Mnunuzi wa Pwani ya Mtwara

Thamani ya simu janja ya bei nafuu haifanani kila mahali, kwa kuwa kifaa kilekile kilichotoka kiwanda kimoja hupimwa na umeme, mawimbi, mafundi na kazi za mahali kinapotumika, na pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani na Shangani hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, ina vipimo vyake. Mnunuzi wa huko mara nyingi hununua simu kwa fedha ya msimu, yaani malipo ya korosho yanayoanza kutoka baada ya minada kufunguliwa mnamo Oktoba, na fedha nyingine ya kiasi hicho huenda asiishike tena mpaka mwaka unaofuata. Kwa mtu wa namna hiyo, kasi ya simu siku ya kununuliwa ni jambo dogo kuliko hali yake katika msimu wa tatu, wakati kioo kimekwishapata mikwaruzo, hifadhi imejaa na betri imeanza kuchoka.

Simu mbili zinazofaa kupimwa kwa kipimo hicho ni Samsung Galaxy A05 na Tecno Pop 8, ambazo zote zilitoka katika miezi ya mwisho ya mwaka 2023 zikimlenga mnunuzi yuleyule. Samsung ni kampuni ya Korea Kusini inayojulikana vya kutosha. Tecno ni chapa ya Transsion, kampuni ya mjini Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006, ambayo pia inamiliki itel na Infinix, na ambayo ilijenga jina lake barani Afrika kwa kuuza simu za laini mbili, betri zinazokaa na chaji, na kamera zilizorekebishwa ili zipige vizuri nyuso zenye ngozi nyeusi. Bei ya simu hizi madukani hubadilika kwa mwezi na kwa duka, ikicheza kati ya laki mbili na laki nne kulingana na ukubwa wa kumbukumbu, na kwa kawaida A05 huwa juu ya Pop 8. Kodi nayo ina mkono wake katika bei hizo: katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, kisha msamaha huo ukafutwa mwaka uliofuata, kwa hiyo simu hizi mbili ziliingia sokoni baada ya nafuu hiyo kupita.

Kabla ya kuzilinganisha, inafaa kusemwa wazi kwamba wapo wasiohitaji hata moja kati yake. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, hupatikana kwa kubonyeza *150*00# kwenye simu yoyote, na mitandao mingine ina namba za aina hiyo hiyo, kwa hiyo mtu ambaye kazi yake kwa simu ni kupiga, kupokea fedha na kumulika njia usiku anahudumiwa vizuri na simu ya kitochi ya bei ya chini kabisa, ambayo betri yake hukaa siku kadhaa. Simu janja huanza kujilipia pale mtumiaji anapohitaji WhatsApp ya kikundi cha ushirika, programu ya benki, picha za bidhaa za kumtumia mteja, au ramani.

Utendaji wa simu huanzia kwenye prosesa, yaani kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kifaa. A05 ina prosesa ya MediaTek Helio G85, na Pop 8 ina Unisoc T606. Zote mbili zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12, na zote zina viini vinane, viwili vya kazi nzito na sita vya kubana matumizi ya betri. Viini hivyo hata ni vya usanifu mmoja, wa Cortex-A75 na Cortex-A55 kutoka kampuni ya Arm ya Uingereza, isipokuwa vile vikubwa vya Helio hufika kasi ya gigaherzi 2.0 na vya Unisoc huishia 1.6. A05 basi hufungua programu kwa wepesi kidogo zaidi na huvumilia michezo vizuri zaidi, lakini anayetuma ujumbe, kusikiliza sauti na kuangalia salio la benki haoni tofauti ya kumfanya aongeze fedha kwa ajili ya prosesa peke yake. Muuzaji anayesifu viini vinane kana kwamba ni jambo la pekee anasifu kitu kilichomo katika karibu kila simu ya rafu hiyo.

Mahali ambapo wanunuzi wengi hupotezwa ni kwenye kumbukumbu, na hapa panahitaji maelezo marefu kidogo. Simu ina kumbukumbu za aina mbili: RAM, ambayo ni nafasi ya kazi ambamo programu zilizofunguliwa hukaa zinapotumika, na hifadhi, ambayo huweka picha, video na programu zenyewe hata simu ikizimwa. Kwa mkulima wa korosho, RAM ni uwanja wa kuanikia na hifadhi ni ghala. Ghala likiwa kubwa na uwanja ukiwa mdogo, kazi huenda kwa zamu na kwa kusuasua. Matangazo ya Pop 8 huzungumzia RAM ya hadi GB 8, lakini maelezo ya kiufundi huonyesha hesabu ya 4+4, maana yake ni kwamba RAM halisi ni GB 4, na GB 4 nyingine zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi. RAM hiyo ya kuazima, ambayo Samsung nayo inayo kwa jina la RAM Plus, ni sawa na kuanika korosho ndani ya ghala: nafasi imepatikana kweli, ila kazi haiendi kwa kasi ya uwanjani, kwa sababu hifadhi ya simu za bei hii husoma na kuandika taratibu mno ikilinganishwa na RAM. Mnunuzi anayelinganisha simu mbili hana budi kulinganisha RAM halisi kwa RAM halisi, na kwa kipimo hicho Pop 8 ya GB 4 na A05 ya GB 4 ziko sawa, wakati A05 ya GB 6, ikipatikana, iko mbele ya zote mbili.

Usawa huo wa tarakimu hata hivyo hauleti usawa wa matumizi, kwa kuwa Pop 8 hutumia Android 13 ya toleo la Go, ambalo Google ililibuni mahususi kwa simu zenye RAM ndogo, wakati A05 ilitoka na Android 13 kamili, ikibeba juu yake programu za Samsung. Mfumo mwepesi huacha nafasi kubwa zaidi kwa programu za mwenye simu, na ndiyo sababu Pop 8, ingawa prosesa yake ni ya polepole, haiachwi nyuma sana katika kazi ndogondogo za kila siku. Hifadhi ya GB 64, kwa upande mwingine, ni ndogo kwa simu zote mbili kuliko inavyoonekana kwenye kasha, kwa sababu sehemu yake huchukuliwa na mfumo wenyewe, na vikundi vya WhatsApp vya harusi, misiba na ushirika huijaza sehemu iliyobaki kwa video ambazo mwenye simu hakuziomba. Simu iliyojaa huganda, na mwenye simu huilaumu prosesa isiyo na kosa. Zote mbili zina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, hivyo picha na video zinaweza kuhamishiwa huko, lakini tofauti ndogo ya bei inayomwezesha mtu kupata GB 128 ni matumizi bora ya fedha kuliko kava, protekta na zawadi nyingine za kaunta zikijumlishwa.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwenye kaunta. Ni masasisho, yaani marekebisho ya programu ambayo mtengenezaji hutuma kwenye simu kupitia intaneti ili kuziba mianya ya usalama inayogunduliwa kila mwezi. Kwa A05, Samsung iliahidi kupandisha toleo la Android mara mbili na kutuma masasisho ya usalama kwa miaka minne, ahadi inayofika mwishoni mwa mwaka 2027. Simu za toleo la Go, ikiwamo familia ya Pop, kwa kawaida hubaki na toleo la Android zilizotoka nalo kiwandani, na masasisho yake ya usalama huja kwa nadra. Hili halimaanishi kwamba Pop 8 itaacha kufanya kazi, kwani WhatsApp, kwa mfano, iliendelea kwa miaka mingi kukubali simu za Android 5.0, toleo la mwaka 2014. Maana yake iko kwenye fedha. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao humtaka mkulima kupeleka korosho ghalani kupitia chama chake cha msingi ili ziuzwe kwenye minada inayosimamiwa na vyama vikuu kama MAMCU na TANECU, hupitisha malipo kwenye akaunti za benki, na tangu msimu wa 2024 minada hiyo imekuwa ikiendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima anayefungua akaunti hiyo kwa programu ya benki iliyomo katika simu amebeba mapato ya mwaka mzima mfukoni, na kwake mwanya ambao haujazibwa ni hatari ya aina nyingine kabisa kuliko kwa kijana anayetumia simu kuangalia mpira.

Katika betri tarakimu ni sawa, mAh 5,000 kwa kila simu, kiasi kinachotosha siku nzima ya matumizi ya kawaida, lakini njia ya kuijaza inatofautiana sana. Pop 8 hupokea umeme wa wati 10, na A05 hupokea hadi wati 25. Betri ya ukubwa huo hubeba takriban wati-saa 19, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto na kasi ya kuchaji hupungua betri inapokaribia kujaa, Pop 8 huhitaji karibu saa tatu ili ijae, wakati A05 inaweza kumaliza kwa takriban nusu ya muda huo. Katika mji wenye umeme usiokatika tofauti hii ni ya starehe tu, kwa sababu simu huchajiwa mwenyewe akiwa amelala. Mtwara na Lindi, hata hivyo, kwa miaka mingi zimepata umeme wake kutoka kwenye mitambo inayotumia gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, mitambo ambayo ilifanya kazi nje ya gridi ya taifa, hivyo mmoja ukiharibika hapakuwa na umeme wa kuazima kutoka mkoa mwingine. Kwa mvuvi anayepata saa moja ya chaji kabla ya kuingia baharini, au mtu anayechaji kwenye kibanda cha sola na kulipia, kasi ya kuchaji ni sehemu ya utendaji kama ilivyo kasi ya prosesa. Sharti lake ni moja: Samsung huuza simu zake katika masoko mengi bila kichwa cha chaja, na anayeichaji A05 kwa kichwa cha zamani cha wati 10 amenunua kasi asiyoitumia, kwa hiyo bei ya chaja halali ya wati 25 lazima iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Pop 8 nayo ina jambo ambalo kwalo inaizidi A05 waziwazi, nalo ni kisoma alama za vidole kilichowekwa ubavuni, ambacho A05 haina kabisa. Mwenye A05 hufungua simu kwa namba ya siri, kwa mchoro au kwa uso, na utambuzi wa uso unaotegemea kamera moja ya kawaida ni kufuli dhaifu, lisilofaa kulinda fedha. Mahali pengine hoja hii peke yake ingeweza kumaliza mjadala, lakini Mtwara hoja hiyo hukutana na kazi ya kubangua korosho, ambayo wengi wa wanaoifanya ni wanawake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na mikono inayobangua kwa muda mrefu bila kinga huchubuka na kufutika mistari ya vidole, hivyo kisoma alama hukataa mara kwa mara na mwenye simu hurudi kwenye namba ya siri. Kwa mwalimu wa sekondari au karani wa bandari faida ya Pop 8 inabaki kamili. Kwa mbanguaji inapungua sana, na kwa mvuvi mwenye vidole vilivyolowa maji ya chumvi inategemea amepata wapi kitambaa kikavu.

Kamera haistahili maneno mengi inayopewa. A05 hutangaza megapikseli 50 na Pop 8 megapikseli 13, lakini A05 kwa kawaida huunganisha vitone vinne kuwa kimoja ili kupata mwanga zaidi, na picha inayotoka huwa na megapikseli 12.5 hivi. Picha za A05 ni bora mchana, usiku zote mbili zinahangaika, na WhatsApp huzibana picha zote kabla hazijafika kwa mpokeaji. Kioo cha Pop 8 hubadilisha taswira mara 90 kwa sekunde dhidi ya 60 za A05, jambo linalofanya kuperuzi kuonekane laini, na spika zake mbili zinaizidi A05 kwa sauti. Uwazi wa vioo vyenyewe ni wa daraja moja, pikseli 720 kwa upana.

Upande wa mtandao zote mbili ni simu za 4G zenye laini mbili, na swali la maana zaidi ni la masafa, yaani bendi za mawimbi ambazo simu inaweza kuzisikia. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megaherzi 700 na 800, husafiri mbali na hupenya kuta na miti kuliko yale ya 1,800, na kwa vijiji vilivyotawanyika kati ya mikoko na mikorosho, mbali na minara, simu inayokosa bendi ya chini inayotumiwa na mtandao husika itaonyesha 3G mahali ambapo jirani anapata 4G. Simu ya jina moja huweza kutengenezwa kwa matoleo tofauti ya masoko tofauti, hivyo iliyoingizwa na abiria kutoka Dubai si lazima iwe sawa na iliyokusudiwa Afrika Mashariki. Karibu na Kilambo na mdomo wa Ruvuma kuna jambo jingine tena, kwa kuwa simu inayotafuta mawimbi yenye nguvu huweza kunasa mtandao wa Msumbiji ng'ambo ya mto, na huduma ya data ikiachwa wazi nje ya mtandao wa nyumbani, vocha huisha bila maelezo. Mpangilio wa kuizuia upo katika simu zote mbili na ni wa kugusa mara moja tu.

Kuhusu matengenezo, hakuna kati ya simu hizi iliyothibitishwa kuhimili kuzama majini, na hewa ya chumvi hula taratibu chuma cha tundu la chaja, kwa hiyo kwenye pwani hii tundu la chaja na kioo huelekea kuwa vitu vya kwanza kufika kwa fundi. Tecno ina mtandao wake wa huduma, Carlcare, na wingi wa simu za Transsion nchini humfanya fundi wa kawaida azizoee na apate vipuri vyake kwa urahisi. Vioo vya Samsung za daraja la chini pia hupatikana, lakini sokoni vimejaa vya bandia, vyenye rangi iliyopauka na mguso usiotii. Kipuri kisichokuwapo mjini Mtwara huagizwa Kariakoo na kusafiri kwa basi takriban kilomita 560, na gharama hiyo humwangukia mwenye simu.

Mambo yote haya yakiwekwa pamoja, njia nyoofu ya kulinganisha ni kugawa gharama kamili kwa miezi ya utumishi. Kwa mfano wa kukisia tu, simu ya shilingi 250,000 inayotumika vizuri miezi 24 imegharimu kama shilingi 10,400 kwa mwezi, na ya shilingi 320,000, chaja ikiwa ndani ya hesabu, inayotumika miezi 40 imegharimu 8,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya namna hiyo, anayeweka fedha zake kwenye simu na anayekusudia kuishi nayo misimu mitatu ana sababu nzuri ya kuchagua A05, na ziada anayolipa ni bei ya masasisho na ya kuchaji haraka, kwani kwa prosesa na kamera peke yake isingestahili. Anayejua kwamba simu yake haidumu zaidi ya mwaka na nusu, ama kwa sababu ya bahari, ama kwa sababu ya watoto, ama kwa tabia yake mwenyewe ya kubadilisha, anafanya busara kuchukua Pop 8 na kubaki na chenji. Mrithi wa A05, Galaxy A06 ya mwaka 2024, ameendelea na prosesa ileile ya Helio G85 na kuongeza kisoma alama za vidole, hivyo tofauti ya bei kati yake na A05 ikiwa ndogo, hakuna sababu ya kuichukua ya zamani.

Hesabu hiyo huvurugika simu ikichukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, kwa kuwa jumla ya malipo huzidi bei ya taslimu, wakati mwingine kwa kiasi kinachotosha kununua simu ya daraja la juu zaidi, na simu yenyewe hufungwa kwa mbali siku malipo yanapochelewa. Mkulima ambaye fedha yake huja mara moja kwa mwaka na mvuvi ambaye kipato chake hufuata bamvua na pepo ni watu wawili ambao ratiba ya malipo ya kila siku haikutungwa kwa ajili yao, na mkataba unapaswa kusomwa kwa jumla yake kabla ya kusomwa kwa kianzio chake.

Uhalali wa simu nao huangaliwa kabla ya fedha kutoka mkononi. Mnamo Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia zilizokuwa kwenye mitandao nchini, na tangu hapo simu yenye namba ya utambulisho ya kughushi inaweza kugeuka kipande cha plastiki. Namba hiyo ya tarakimu 15 huonekana kwa kubonyeza *#06#, na ikitumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 majibu hurudi yakitaja chapa na aina ya simu, ambayo lazima ilingane na simu iliyo mkononi na maandishi ya kasha. Baada ya hapo mnunuzi hufungua mipangilio na kusoma RAM halisi na hifadhi, kisha huweka laini yake mwenyewe na kupiga simu akiwa bado dukani, kwa sababu muuzaji aliyekubali kurudisha simu mbovu saa nne asubuhi si rahisi kukubali tena jioni, mteja akiwa amekwisha kuvuka kwenda Msangamkuu na kurudi nayo.